Baba Mdogo wa Kukodi

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Asubuhi nimefanya mazoezi ya miguu. Kwanza miguu ya mzee mwenye ng'ombe wengi, halafu ya mzee aliyewahi kuwa na ng'ombe wengi. Ni miguu tofauti kabisa. Wa kwanza anatembea kama njia ni yake. Wa pili anatembea kama anayeogopa kukutana na aliyewanunua. Nimezunguka kibanja changu cha migomba mara nne, kisha nikala kiporo cha ndizi na maharage.

Miaka thelathini na moja nafanya kazi hii ya kuwa watu wengine, na sijagunduliwa hata mara moja.

Uongo. Nimegunduliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa baba wa bwana harusi, na baba mwenyewe, tuliyeambiwa amekufa, akatokea akidai kiti chake. Nilipigwa kwa mpini wa jembe, na bega la kushoto mpaka leo linanijulisha mvua. Mara ya pili nilikuwa mwinjilisti. Sala yangu ilikuwa fupi. Mwinjilisti wa kweli haombi kwa ufupi palipo na kuku.

Lakini mara mbili tu. Wahubiri wangapi wanaweza kusema hivyo?

Kazi yenyewe ipo. Harusi isiyo na baba, msiba wenye waliaji wachache, kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, ambacho watu wanataka kumwona Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akipanda farasi asiyekuwepo. Hapa Nyakasimbi wananiita mpuuzi. Wakikwama wananiita Mzee Ndyanabo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Amekuja kijana, jina lake Bitegeko. Mrefu, mikono mikubwa, aibu tele. Amesimama nje ya ua muda mrefu akiogopa kupiga hodi. Nikamwacha asimame. Anayetaka kuoa ajifunze kusimama.

Shida yake ni hii. Anafanya kazi kwenye mibuni ya watu huko Kanoni. Anamtaka Eliza, binti wa Mzee Rwamugira wa hukohuko. Binti naye anamtaka. Rwamugira amesema neno moja tu: njoo na mkubwa wako. Mkubwa hana. Mama yake alimvusha mto pale Murongo akiwa mgongoni, wakitoka upande wa Ankole, Uganda, akafia huku mtoto hajang'oa hata meno ya utoto. Baba hamjui. Kijiji hakijui. Jina la ukoo analijua nusu.

Nikamuuliza, sasa kitu gani unakijua kuhusu watu wako?

"Hatuli senene, Mzee."

Basi. Hilo tu. Kila ukoo wa huku una mwiko wake, wengine hawagusi pongo, wengine moyo wa ng'ombe. Wao ni senene, wale panzi wa msimu. Mama yake alikuwa anampiga kofi mkononi kila akiokota mmoja. Wenzake wameachiwa migomba, yeye ameachiwa kofi.

Nilicheka mbele yake. Ukoo gani wa wendawazimu unamkataa senene? Mungu anakurushia nyama kutoka mawinguni, imenona, haina mfupa, haina mwenyewe, wewe unageuza uso. Kijana hakucheka. Nikamwambia nitakuwa baba yake mdogo. Malipo: anipalilie kibanja siku sita. Kabla, si baada. Bwana harusi akishapata mke haukumbuki tena uso wako.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani sikwenda. Nilikuwa na kazi ya maana.

Kijana hafai. Ukimwambia kaa kama mtoto wa watu, anakaa kama ng'ombe anayesubiri dawa ya kupe. Ukimwambia sema "baba mdogo," analimeza katikati. Waigaji wajinga wote huanza na sauti. Sauti ni ya mwisho. Anza na miguu, panda kiunoni, fika shingoni. Ukifika mdomoni, watu wamekwisha kuamini, na unaweza kusema upuuzi wowote. Hiyo ndiyo siri ya kudumu. Bure nimempa, na ameitazama kama kitu kilichoanguka njiani.

Nimemtungia baba. Anaitwa Kabunga. Mfupi, mcheshi, mkali kwa mbwa. Alikufa kwa homa akimwita mkewe ambaye alikuwa amekwisha kuvuka mto. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja.

Jumanne, 20 Oktoba

Amemaliza kupalilia. Kazi safi, hilo siwezi kumnyima.

Leo alipokuwa anaosha jembe akaniuliza, "Kabunga alikuwa anaimba?"

Nikamjibu kwamba Kabunga nimemtunga nikikoroga uji. Haimbi, hakojoi, hayupo.

"Najua, Mzee. Lakini alikuwa anaimba?"

Watu wa namna hii wananichosha. Unawapa uongo wa kazi, wanataka kuupeleka nyumbani ukalale nao. Nikasema ndiyo, aliimba, vibaya. Akatabasamu mpaka jioni. Mjinga.

Jumamosi, 24 Oktoba

Kanoni. Mwendo wa asubuhi nzima. Nilivaa kanzu na lile koti jeusi la marehemu fulani. Miguu ya aliyewahi kuwa na ng'ombe.

Nyumba ya Rwamugira ina bati na mlango wa rangi ya kijani. Pesa ya kahawa. Ndani giza ni lilelile la nyumba ya nyasi, ila linapiga kelele mvua ikinyesha. Rwamugira mwenyewe ni mtu laini, mnene, wa kanisani, anayeitikia kabla hujamaliza sentensi. Mtu wa hivyo ni godoro. Unajilaza tu. Walikuwepo na wazee wanne wa ukoo wao, kazi yao kukohoa.

Kuna na dada yake mkubwa. Shangazi Kokugonza. Mkavu, mdogo kama ufagio uliokwisha. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango na hakukohoa.

Tulipewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikachukua mbili, nikampa Bitegeko moja, kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyefanya hivyo miaka yote. Kitendo kidogo. Niliona macho ya wazee yanakubali. Nikamtaja Kabunga, homa yake, mto. Nikalia kwa jicho moja. Mawili ni ya wanafunzi.

Shangazi akaniuliza, "Mlikuwa wapi miaka yote hii, mtoto analelewa na mibuni ya watu?"

"Tunamtafuta, mama."

"Miaka ishirini?"

"Mto ni mpana, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza mwiko wetu. Nikasema senene, na nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia kichefuchefu kwa kuwataja tu. Hapo nilikuwa mzuri sana. Bitegeko alinitazama kama nimemfufua mtu.

Wakatuambia turudi tarehe 28 mwezi ujao na rubisi, tupewe jibu.

Jumapili, 25 Oktoba

Miguu inauma. Ya kwangu.

Godoro limelalika. Huyu bibi tu.

Jumatano, 18 Novemba

Senene wameanguka. Asubuhi yote nje ni mabawa. Kijiji kizima kimeinama na vikapu, hata waliojidai jana kwamba viuno vinawauma. Nimeokota mpaka kanzu imejaa. Nimekaanga, nimekula, nimekaanga tena.

Nyumbani kwangu mimi si mtu wa ukoo wowote.

Jumamosi, 28 Novemba

Nimeharibu. Naandika haraka nimalize.

Tulifika na vibuyu viwili vya rubisi. Tukapokelewa kama wakwe. Rwamugira alikuwa amevaa koti. Mtu akikuvalia koti, jibu liko mfukoni mwake. Wazee wanne wakiwa kwenye viti vyao vya kukohoa. Bitegeko chini, kwenye mkeka, mikono magotini, kama nilivyomfundisha. Alikuwa amekaa vizuri. Mara ya kwanza amekaa vizuri.

Nikaombwa niseme habari za marehemu kaka yangu tena, maana walitaka kuzisikia mara ya pili kabla ya jibu. Nikasema. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani. Nilimleta Kabunga mlangoni. Nikaeleza alivyoimba vibaya mpaka mbwa wakalia, na alivyoomba, akiwa na homa, mtu amletee mwanawe amwekee mkono kichwani. Hayo sikuwa nimeyatunga kabla, yalikuja tu. Rwamugira akajifunika uso kwa mkono wa koti na kulia kama mtoto. Wazee wakainamisha vichwa.

Wakati huo Kokugonza alikuwa anaandaa chakula. Ndizi na nyama mbele ya wote. Kisha sahani moja ndogo, akaiweka kwenye kigoda karibu na kiwiko changu, kama amekosa mahali. Senene. Wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, wakavu, wekundu.

Mdomo wangu ulikuwa Ankole unazika ndugu. Mkono ulikuwa Kanoni.

Nilijua pale nilipotafuna. Ule mlio. Tena sikuwa nimechukua mmoja. Kiganja.

Rwamugira hakuona, alikuwa analia. Wazee hawakuona, walikuwa wanatazama sakafu kwa heshima. Nilikuwa nimewaliza vizuri mno wasinione. Waliona wawili tu. Kokugonza, na Bitegeko.

Nikameza. Ungefanya nini? Bibi akaja, akaiondoa sahani bila haraka, akasema, "Hii haikuwa ya wageni." Basi. Akarudi kukaa.

Rwamugira akafuta macho. Akasema ameguswa, lakini kabla ya kutoa jibu atazungumza na dada yake. Jibu likarudi mfukoni.

Bitegeko alinisindikiza mpaka bondeni kwenye kijito. Hapo akasimama.

"Mzee, hata nikiwa peke yangu shambani, na njaa, hakuna anayeniona, sijawahi."

Akashika njia yake. Hakuaga.

Jumapili, 29 Novemba

Nimemlaumu Kokugonza. Nimewalaumu senene. Nimelaumu mvua iliyowaleta. Nimemlaumu mama wa yule kijana kwa kumpiga kofi badala ya kumfundisha kitu cha maana, kama jina la baba yake.

Imefika saa sita na bado sijapata mtu anayelaumika kunizidi.

Mzee mwenye tamaa. Miaka thelathini na moja ya kujisifu juu ya miguu, na sikukumbuka kwamba nina mikono.

Jumatano, 2 Desemba

Hakuna habari kutoka Kanoni. Nimefanya mazoezi ya miguu ya mtu asiyejali. Imekataa.

Ijumaa, 4 Desemba

Nimetunga sababu za kumpelekea Rwamugira, endapo bibi ameshasema. Kwamba nina maradhi na mganga ameniagiza nile senene. Kwamba upande wa mama yangu wanakula. Kwamba niliwadhania mbegu za maboga. Hiyo ya tatu nimeisema kwa sauti, peke yangu, jikoni, na hata paka ametoka.

Wakimkataa kijana hatapata tena. Kila ua wa Kanoni utajua kwamba alileta mkubwa wa kukodi. Ataendelea kuchuma kahawa ya watu mpaka azeeke, na Eliza ataolewa na karani mmoja mwenye baiskeli.

Mimi nitaendelea kuchekesha vilabuni. Mimi sipotezi kitu. Nimeandika hivyo nione kama inaonekana kweli. Haionekani.

Jumanne, 8 Desemba

Kokugonza amekuja. Mwenyewe, kwa miguu, asubuhi nzima, na umri ule. Nilikuwa nachambua maharage. Nikamwona juu ya kilima, nikasema ni ufagio unatembea.

Hakutaka kiti. Alikaa chini ukutani, akavua viatu vyake vya raba, akavipanga. Nikamletea maji. Akanywa yote kabla ya kunitazama.

"Shikamoo," nikamwambia. Tuna umri mmoja, lakini nilidhani itasaidia.

"Acha upuuzi. Nilikujua siku ya kwanza."

Kumbe aliniona miaka kumi iliyopita, kwenye msiba wa mtu mmoja tajiri asiyependwa. Nilikodiwa kuwa kaka wa marehemu. Anasema nililia vizuri kuliko wajane. Nikamshukuru. Akasema haikuwa sifa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema Oktoba ileile.

"Nilitaka nijue wewe ni mwongo wa namna gani."

"Na?"

"Mwenye njaa."

Kisha akanieleza, akihesabu kwa kidole kwenye vumbi, kama anayemfundisha mtoto aliyechelewa. Kwamba tangu Eliza amtaje Bitegeko, yeye Kokugonza alianza kuulizia, kwa wachumaji wenzake na kwa mke wa mwenye shamba. Wote walimwambia jambo moja. Msimu wa senene wenzake wanakula mpaka wanaumwa, yeye anakaa pembeni na ndizi zake kavu. Wanamcheka. Haelezi. Hana mjomba wa kumkaripia, hana babu wa kumwona, na bado hali senene.

"Wanangu wenyewe," akasema, "nikigeuka tu wanaramba chungu. Huyu miaka ishirini hana wa kumchunga, na anashika. Mtu wa hivyo ana watu wake. Mimi sikuhitaji wewe uje uniambie."

Nikarudi kwenye maharage, nikachambua yaliyokwisha kuchambuliwa.

Kwa hiyo sahani ile haikuwa ya kumpima kijana. Ilikuwa yangu. Alitaka kujua kama nimevaa kitu cha yule mtoto kwa adabu au nimekivaa kama koti la marehemu.

"Sasa umeshajibu," akasema.

Nikauliza jibu la Rwamugira. Amekubali. Ndoa mwishoni mwa Januari. Rwamugira bado anamlilia Kabunga na amemwombea kanisani kwa jina. Nilitaka kucheka, nikaona uso wa bibi, nikaacha.

Kisha akanipa hukumu. Ilivyo ni hivi. Mimi nimesema mbele ya wazee wanne kwamba ni baba mdogo wa Bitegeko. Basi ni baba yake mdogo. Si wa siku mbili. Watoto wakizaliwa nitaitwa. Akigombana na mkewe nitaitwa. Akifa mtu nitakaa kwenye majani ya msiba pamoja nao, bila malipo, bila kibuyu. Na senene sitakula tena. Si mbele za watu, si peke yangu, si jikoni usiku na paka. Siku akisikia nimekula, atasimama kanisani aseme yote.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kufia. Hakuna mwigaji anayekubali mchezo usio na mwisho.

"Ulikuwa unajisifu kudumu," akasema. "Dumu."

Akavaa raba zake. Nilimsindikiza mpaka njia kuu, na nilipogundua natembea na miguu yangu ya kawaida alikuwa ameshaona.

Alhamisi, 24 Desemba

Nimepita misheni kuwaona wakijaribu mchezo wa Krismasi. Mwalimu mgeni anawafundisha watoto wa wafugaji kushika fimbo ya kuchungia. Watoto waliozaliwa na fimbo mkononi. Wanaitikia ndiyo mwalimu, wanashika kama anavyotaka, yaani kama ufagio, na mama zao wanapiga makofi. Malaika alikuwa na mafua. Mfalme mmoja aliomba kwenda haja.

Wakaniuliza naonaje. Nikasema ng'ombe peke yake ndiye aliyejifunza sehemu yake. Ng'ombe alikuwa wa kweli.

Bitegeko alikuwepo, amesimama nyuma na wenzake. Ameshaambiwa jibu na bibi. Hukumu yangu anaijua pia. Nikamwamkia kwa mbali. Akaja, akasema "Shikamoo, Baba Mdogo," sawasawa, hakuna neno lililomezwa. Kulikuwa na watu. Watu walipoondoka alikuwa ameondoka nao.

Jumamosi, 30 Januari 1954

Ndoa. Nimekaa kiti cha mbele kwa sababu ndicho cha baba mdogo. Mchungaji amehubiri mpaka maharage yamelala. Karani mwenye baiskeli alikuwepo, amevaa tai, ameacha baiskeli mlangoni ili wote tujikwae nayo. Ngoma nzuri. Rubisi ya kawaida. Rwamugira amenikumbatia mara tatu na kuniambia nafanana na Kabunga. Nikamuuliza amemwona wapi. Akasema anamwona moyoni. Nikamwacha.

Nilitakiwa kumwekea kijana mkono kichwani na kumtamkia baraka za ukoo wake. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, marefu, ya kuliza watu. Niliposimama pale na ile shingo imeinama mbele yangu, sikuyasema. Nikasema, "Uwe na watu." Nikakaa. Wageni wakadhani nimezidiwa na uchungu. Wakapiga makofi. Watu hawajui kitu.

Kokugonza alitikisa kichwa. Mara moja, kidogo. Sijui alikuwa anakubali au anafukuza nzi.

Hakuna aliyenipa kibuyu cha kurudi nacho.

Jumatatu, 26 Aprili

Senene wa masika. Si wengi kama wa Novemba, lakini wapo. Jirani ameniletea wamefungwa kwenye jani la mgomba, bado wa moto. Nikamrudishia.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikasema tangu kwa babu zangu.

Akanitazama kama nimeugua. Nilikaa ndani nikisikia harufu mpaka saa kumi. Nimemchukia Kokugonza, Kabunga, Ankole yote na mto wenyewe. Hakuna aliyekuwa ananiona. Sikula. Kazi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuchukua, na hakuna hata wa kupiga makofi.

Jumapili, 9 Mei

Mvua imekatika. Kimya. Wengine wako kanisani.

Bitegeko na mkewe wamepewa kipande cha kibanja pembeni mwa shamba la Rwamugira. Nimesikia wamepanda migomba mipya na imeshika. Tangu ndoa tumekutana mara tatu, zote mbele za watu. Ananiita baba mdogo. Ananipa kiti. Akiniona peke yangu njiani anasalimu na kupita. Sina la kumdai katika hilo. Nilikula kitu chake.

Ila nina funza. Kidole gumba, mguu wa kulia, chini ya ukucha. Ni siku tano sasa. Macho yangu yanaona ng'ombe ng'ambo ya bonde lakini hayaoni kidole changu mwenyewe, na mgongo haukunjiki kufika huko. Jirani angemtoa, lakini funza humwombi mtu baki. Mguu wako unakaa pajani mwake, mchafu kama ulivyo, na pini ikiingia huna la kuigiza. Hiyo ni kazi ya mtu wa nyumbani. Watoto huwafanyia baba zao, na baba zao wadogo.

Nimekuwa najaribu maneno ya kumtumia kwa mdomo wa jirani, anayekwenda Kanoni kesho. Ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Ya pili yalikuwa na machozi, jicho moja. Nimeyafuta. Yamebaki haya.

Bitegeko, mwanangu. Hili moja una haki ya kulikataa, na mimi nakuomba ulifanye. Pita Jumamosi, ukitoka shambani. Njoo na pini, yangu imeshika kutu. Haitachukua muda. Kama huna la kusema, usiseme, nitaushika mguu wangu kimya.